Dirisha limefungwa, mbu kapita wapi? (Sehemu ya 6)

 

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutaongelea kumwachisha mtoto ziwa. Naomba radhi, nimeahirisha. Wiki hii mama watatu tofauti wameniuliza swali lilelile, mmoja yuko Geita mjini, mmoja Katoro, mmoja hapa hapa Kahama: "Nesi, mwanangu analala kwenye neti kila siku ya Mungu. Hii malaria anaitoa wapi?"

Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nawaambia, "Mama, hujachomeka neti vizuri." Basi. Naandika kwenye kadi, namwita anayefuata. Leo nataka niwaambie kwa nini silitoi tena jibu hilo, na nitawasimulia jambo ambalo hata wenzangu kazini hawalijui lote.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitatu na nusu. Ilikuwa Januari, mvua zimekolea, majaruba ya mpunga yamejaa maji mpaka barabarani. Alipata homa jioni, nikampima, malaria. Akapewa dawa mseto, nikasimamia mwenyewe dozi zote sita kwa siku tatu, na kila dozi alikula kwanza kitu chenye mafuta kidogo ili dawa ifanye kazi vizuri. Akapona, akarudi kukimbizana na kuku.

Mwezi Machi, usiku ambao nilikuwa zamu, simu ikaita saa saba. Ni binti anayenisaidia nyumbani. Hakuongea vizuri, nilichosikia ni "mama, mtoto anatetemeka, macho yamegeuka." Mimi ni nesi. Nimeshika watoto wenye degedege nisioweza kuwahesabu. Lakini usiku ule nilisimama katikati ya wodi na simu mkononi, nisijue mguu upi unatangulia.

Jirani mwenye bajaji alimleta. Safari hiyo hawakutegemea kipimo cha haraka peke yake, kwa sababu kile kinaweza kuendelea kusoma chanya wiki kadhaa hata kama mtoto amepona. Walitazama damu kwenye hadubini na vimelea walikuwepo, wengi. Akaanzishiwa sindano za artesuneti: ya kwanza palepale, ya pili baada ya saa kumi na mbili, ya tatu ilipotimia saa ishirini na nne. Kisha akamalizia na dawa mseto ya kumeza. Kesho yake mchana alifungua macho akaomba soda. Sijawahi kufurahi kuombwa soda namna ile.

Sasa ndio tunafika kwenye aibu yangu.

Tuliporudi nyumbani nilimkalisha yule binti chini. Ana miaka kumi na tisa, ametoka kijijini upande wa Geita. Nikamwambia maneno makali. Nikamwambia analala na simu mpaka anasahau kumchomekea mtoto neti. Nikamwambia mtoto wangu nusura afe kwa uzembe wake. Aliinamisha kichwa, akasema tu, "Samahani mama." Nami nikaichukua ile samahani kama kukiri kosa. Usiku nikamsikia analia, nikajiambia, alie, atajifunza.

Wiki mbili baadaye, rafiki yangu niliyesoma naye diploma, ambaye sasa anafanya kazi Uingereza, alinitumia video ya dirisha la chumba chake. Kioo kimejaa ukungu na anacheka kwa hasira: amefuta ndani, amefuta nje, ukungu hautoki. Maana madirisha ya kule kwenye baridi yana vioo viwili vilivyobandikwa pamoja, na katikati yao kuna hewa kavu au gesi iliyofungiwa ili joto la ndani lisitoroke. Pembeni kuna fremu nyembamba yenye chembechembe za kunyonya unyevu. Mnakijua kile kipakiti kidogo tunachokikuta ndani ya mfuko wa kipimo cha malaria? Kazi ni ileile. Ule ukingo ukichoka, ukapasuka hata upenyo usioonekana kwa macho, unyevu unaingia taratibu mpaka zile chembe zinashiba. Hapo ukungu unatanda katikati ya vioo viwili, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki.

Fundi alimwambia aangalie kwanza ukungu uko upande gani. Ukiwa upande wa ndani ya chumba, shida ni mvuke wa jiko, nguo mbichi na pumzi za watu, fungua dirisha hewa ipite. Ukiwa upande wa nje, ni umande tu wa asubuhi. Ukiwa katikati, ukingo umekufa, na mara nyingi tiba yake ni kubadilisha vile vioo viwili kwa pamoja huku fremu ikibaki. Wengine hutoboa kioo wakakausha, ukungu unaondoka, lakini lile zuio la baridi halirudi kama mwanzo.

Akamalizia kwa maneno haya, na mimi nayakumbuka mpaka leo: "Shoga, mimi nilikuwa nahangaika na kioo, kumbe kioo ni kizima. Kilichokufa ni pembeni."

Sisi huku hatuna haja ya vioo viwili. Hapa Kahama shida yetu si baridi. Lakini nilipoweka simu chini, macho yangu yakaenda kwenye dirisha la chumba cha watoto. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, zuri, lina wavu, tulilipa pesa nzuri. Kila siku nilikuwa naliangalia katikati: kioo kipo, wavu upo, hauna tundu. Pembeni sikuwahi kupaangalia hata siku moja.

Ilikuwa mchana. Nikazima taa, nikafunga mlango, nikaingia nyuma ya pazia kama mtoto anayecheza kombolela. Jamani. Kulikuwa na mstari wa mwanga kuanzia chini mpaka juu, pale kioo kinapokutana na fremu ya wavu. Kidole changu kidogo kilipita. Na kwenye kona ya chini, wavu ulikuwa umechomoka kwenye mfereji wake, umejikunja kama ukurasa wa daftari. Pazia lilikuwa linaficha yote. Na kitanda cha mtoto kilikuwa palepale chini yake.

Nikamwita yule binti aje aone. Akaangalia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa nawaona mbu wanatokea hapo jioni. Niliogopa kusema. Ungeona najitetea."

Nilikaa kitandani. Sikuwa na neno. Mtu wa pekee ndani ya nyumba aliyejua mbu wanapita wapi ndiye niliyemfunga mdomo.

Kesho yake nikamleta fundi, mzee mmoja wa Kisukuma mwenye baiskeli na boksi la vifaa. Akanisalimia, "Mwadila mayu," akalisukuma dirisha kwenda na kurudi mara mbili tu, akatikisa kichwa. "Mayu, hili dirisha halijafa, limechoka. Hili vumbi letu ndilo linalolimaliza."

Akanionyesha, na ninawaelezea kama alivyonielezea mimi.

Dirisha la kuteleza halifungwi na kioo peke yake. Pembeni mwa kila fremu kuna kikanda chembamba chenye manyoya kama ya brashi. Hicho ndicho kinachoziba nafasi kati ya fremu moja na nyingine. Huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, kiangazi vumbi ni jingi, malori yanapita, upepo unavuma. Vumbi linaingia kwenye reli ya dirisha, na kila ukisukuma, mchanga unasaga yale manyoya kama msasa. Baada ya miaka michache yamebaki mafupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa jana. Mchanga huohuo unakula vile vigurudumu vidogo vya chini, fremu inainama upande mmoja, na kona ya juu inaachia. Na ule mpira unaobana wavu kwenye mfereji wake unapigwa na jua, unakauka, unasinyaa, kona zinachomoka. Hakuna kilichovunjika, wala hakuna kelele ya kukustua. Ndiyo maana hatuoni.

Kingine alichonionyesha kinanihusu mimi mwenyewe, si dirisha. Nilikuwa na tabia ya kufungua kioo nusu, "hewa kidogo iingie." Wavu wa dirisha la kuteleza unafunika upande mmoja tu. Ukifungua kioo mpaka mwisho upande wa wavu, fremu zinakutana na nafasi inazibika. Ukikiacha katikati, panabaki njia kati ya kioo na kioo, na mbu anapita ubavuni bila hata kuugusa wavu. Kwa hiyo: fungua mpaka mwisho, au funga kabisa. Nusu nusu ni kumkaribisha mgeni.

Sasa mtaniuliza, kama mtoto yuko kwenye neti, mbu wa chumbani anamfikiaje? Mama, piga hesabu ya jioni yako mwenyewe. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Mtoto anaingia kwenye neti saa ngapi? Kwangu ilikuwa saa tatu, wakati mwingine saa tatu na nusu. Hayo masaa mawili yupo sebuleni anaangalia katuni, miguu nje. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, ni kweli, lakini wapo wanaoanza mapema giza likiingia tu. Halafu usiku mtoto anaamka kukojoa, au anajigeuza mpaka mkono unagusa neti, na mbu aliyetua upande wa pili anamng'ata palepale. Neti inalinda kitanda. Dirisha linalinda nyumba. Kila kimoja kina zamu yake, kama sisi manesi.

Na hili si wazo langu la mtaani. Mwaka 1900, kabla dunia haijakubali vizuri kwamba mbu ndiye anayeleta malaria, madaktari wawili, Louis Sambon na George Carmichael Low, walienda kuishi karibu na Ostia nchini Italia, sehemu iliyokuwa inaumiza watu kila mwaka. Walikaa kwenye kibanda cha mbao chenye wavu kila dirisha na mlango. Kila siku waliingia ndani kabla jua halijazama na kutoka jua limechomoza. Hawakumeza kwinini. Walikaa msimu mzima wa malaria, kuanzia Julai mpaka Oktoba, majirani wakaugua, wao wakabaki wazima. Na kwa upande wetu wa Afrika, utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba nyumba zilizowekewa wavu kwenye madirisha na milango, na nafasi za juu ya ukuta zikazibwa, ziliingia mbu wachache kwa zaidi ya nusu, na watoto wa humo walikuwa na upungufu wa damu kidogo kuliko wengine.

Na hapa nyumbani tumepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2007/08 ulikuta watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wana vimelea vya malaria. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 8 kati ya 100. Lakini mikoa yetu, Shinyanga na Geita, bado iko juu ya huo wastani. Tuna majaruba, tuna malambo, na kwenye machimbo tuna mashimo yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua. Mbu tunao. Kwa hiyo kijitundu ambacho mahali pengine ni kero tu, kwetu ni kitanda wodini.

Haya, chukua kalamu. Hivi ndivyo unavyokagua. Haihitaji fundi na haichukui dakika kumi kwa dirisha moja.

1. Mchana, zima taa, funga mlango, ingia nyuma ya pazia. Popote unapoona mwanga umepita kama uzi, weka alama kwa kalamu.

2. Usiku, mtu mmoja abaki ndani gizani, mwingine apitishe tochi ya simu kwa nje kando kando ya dirisha. Zile nyufa zilizojificha mchana zitajitaja.

3. Chukua kipande cha karatasi, kifungie dirisha juu yake, kisha kivute. Kikitoka bila kubanwa hata kidogo, pembeni pamechoka.

4. Tazama vumbi kwenye ukingo wa ndani. Vumbi likijipanga mstari mahali pamoja, hapo ndipo upepo unapoingia. Na usimfagie buibui kabla hujamuuliza. Buibui hatandi utando mahali wadudu hawapiti.

5. Bonyeza wavu kwenye kona zote nne kwa kidole. Usiangalie katikati, katikati kila mtu anaangalia.

6. Ukimaliza madirisha, lala chini utazame chini ya mlango, kisha inua macho pale ukuta unapokutana na dari.

Ukishaona, tengeneza. Usiku wa leo, kabla fundi hajaja, kipande cha kitenge kilichokunjwa au soksi ya zamani kinaziba ufa mpaka asubuhi. Tundu dogo la wavu lishone kwa uzi wa nailoni. Tundu kubwa kata kiraka cha wavu kilichozidi tundu pande zote, ukishone kuzunguka. Wavu uliochomoka kwenye kona unaweza kurudishwa kwenye mfereji kwa kuukandamiza pamoja na mpira wake, ila mpira ukiwa umekauka na kukatika, nunua mpya. Kile kikanda cha manyoya kinauzwa kwa mita kwenye maduka ya aluminiamu. Fundi anachomoa cha zamani na kuingiza kipya. Madirisha yangu mawili yalimchukua mzee wetu asubuhi moja, na gharama yote ilikuwa ndogo kuliko nilichotumia kwa siku moja ya kumuuguza mtoto.

Reli safisha kila wiki kwa mswaki wa zamani na kitambaa kibichi. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi, vumbi litaganda humo liwe kama ugali. Ufa kati ya fremu na ukuta ukaushe, uondoe vumbi, kisha paka silikoni au ziba kwa saruji. Ila vile vitundu vidogo vilivyopo chini ya reli kwa upande wa nje usivizibe kwa silikoni. Ni njia ya maji ya mvua. Ukiviziba, maji yatarudi ndani. Bandika kipande cha wavu juu yake, inatosha.

Najua wengine mtasema, "Nesi, sisi hatuna aluminiamu." Hata mama yangu hana. Yuko Nyarugusu, kwenye machimbo, nyumba ya tofali za kuchoma na madirisha ya mbao. Baada ya yaliyonikuta nilienda kwake na wavu wa mita chache, misumari midogo na fito nyembamba. Mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo usitegemee ule mlango wa dirisha uzibe wenyewe. Tulitandika wavu kwa ndani, tukaubana kuzunguka kwa fito, msumari kila baada ya kiganja kimoja. Kisha tukaziba ile nafasi kati ya ukuta na bati, nayo kwa wavu, si kwa udongo, ili hewa iendelee kupita. Mbu wa malaria anaipenda sana njia hiyo ya juu. Mama alicheka, "Umesoma miaka yote hiyo uje kupigilia misumari?" Nikamwambia, ndiyo mama.

Kama unaishi kwenye banda la turubai machimboni, huko hakuna dirisha la kuziba. Neti ndiyo nyumba yako. Ingia mapema na watoto, uichomeke chini ya godoro au mkeka pande zote. Ukiwa mjamzito, chandarua kinatolewa kliniki, na mtoto akienda chanjo ya surua ya miezi tisa ulizia cha kwake.

Naomba mnisikilize na hapa. Tunamziba mbu, hatuizibi hewa. Usiende kufunika dirisha lote kwa nailoni eti nesi kasema. Nyumba isiyopitisha hewa ina magonjwa yake, kikohozi na kifua kikuu vinaipenda. Na kamwe usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama limebaki makaa tu. Sumu yake haina harufu, na inaua familia nzima usingizini.

Na mtoto akipata homa, hata kama umeziba dirisha lote, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kulala usingizi usio wa kawaida, akipata degedege, hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kusema ni mambo ya watu. Degedege linatibiwa hospitali. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, beba, kimbia.

Mwanangu sasa ni mzima. Sitawadanganya kwamba hajawahi kuumwa tena, kwa sababu mbu wa kwa jirani na wa shuleni hawalijui dirisha langu. Lakini usiku nikiwa zamu, simu ikiita, moyo hauruki tena kama zamani.

Kwa yule binti, nilimwomba msamaha siku ileile, mbele ya watoto na mbele ya mume wangu alipotoka mgodini kwenye likizo yake, kwa sababu maneno makali niliyamwambia watoto wakisikia. Alisema, "Yameisha mama." Sijui kama yaliisha kweli. Ninachojua ni kwamba sasa ndiye mkaguzi wetu. Kila Jumamosi anazunguka na mswaki na tochi, na akiona kitu anakuja kuniambia moja kwa moja, haogopi. Mwezi uliopita aligundua wavu wa chooni umeachia kabla mimi sijaona.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu, dada wa kazi, mama mkwe au wewe mwenyewe, ingia kwanza nyuma ya pazia. Na muulize anayeshinda na mtoto jioni: "Mbu unawaona wakitokea wapi?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Leo jioni kagua dirisha moja tu, lile lililo karibu na kitanda cha mtoto. Uniandikie hapa umekuta nini. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunaongelea kuachisha ziwa, siahirishi tena.

Nesi wenu.